Taa Iliyotembea Chini Chini kwa Kishan

Taa ilikuwa inakuja, na hakukuwa na mtu aliyeishika.

Hapo naomba tuelewane vizuri. Taa ilikuwa inaelea karibu na sakafu, chini ya magoti, inayumba kushoto na kulia. Juu yake giza tupu.

Na wala haikuwa usiku wa manane. Ilikuwa saa nane mchana, Dodoma, jua kali huko nje.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Edina. Nafundisha shule ya msingi Morogoro, na nina ugonjwa mmoja ambao mama ameuombea mpaka amenyanyua mikono: napenda viwanda vilivyokufa. Wenzangu Jumamosi wanashinda saluni, mimi nashinda kwenye mashine zenye kutu. Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa nikiwa darasa la pili, labda ndiko nilikoupata.

Picha zangu naweka mtandaoni. Wanaonifuatilia ni kama mia mbili, na nusu yao ni ndugu.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu nikasema liwalo na liwe, naenda Dodoma peke yangu. Asubuhi na treni ya umeme, jioni narudi nayo.

Watu wakisikia Dodoma wanawaza bunge na wizara. Mimi nilikuwa naitaka Dodoma ya nyuma ya stesheni ya zamani, ya reli ya Mjerumani, ya maghala ya karanga na vinu vya kukamulia mafuta. Nilizunguka tangu saa tatu, vumbi mpaka kwenye meno, lakini nina furaha kama mtoto aliyepelekwa sherehe. Nikapiga picha mabehewa yaliyoota nyasi. Nikapiga mzani wa magunia ambao hata mimi na mama pamoja tusingeutikisa.

Lakini bado nilikuwa nataka kitu kimoja cha kuwafunga watu midomo kule mtandaoni. Nikamwita kijana wa bodaboda, anaitwa Gideoni.

"Nipeleke jengo la zamani lisilo na watu."

"Dada, hapo utakuwa unasema kwa Kishan."

"Ndiyo wapi?"

"Godauni. Babu yake Kishan alilijenga la karanga, baadaye likawa la mvinyo. Kishan mwenyewe siku hizi yuko Dar." Akasita kidogo. "Ila mle watu hawaingii ovyo."

"Kwa nini?"

"Walishakufa wawili. Siku moja. Wametolewa hawana hata mkwaruzo."

Mtu mwenye akili timamu angesema, kaka, nirudishe stesheni. Mimi nikapanda pikipiki, tena nikamwambia aongeze mwendo.

Aliniacha karibu na kibanda cha chai, akasema atakunywa kikombe hapo akinisubiri. Mama mwenye kibanda alikuwa ameinama anapuliza moto. Nikampita bila hata kumsalimia. Mimi, mwalimu, ninayechapa watoto kwa kutosalimia.

Ningempigia hodi yule mama, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Geti lilikuwa limeegeshwa tu. Ndani ni ukumbi mkubwa, bati limetoboka, mapipa ya mbao yamepangwa mpaka karibu na dari. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa chuma uko wazi, na pembeni yake imesimamishwa nondo nene ya kuufungia. Nyuma ya mlango ngazi zinashuka.

Nikawasha tochi ya simu, nikashuka.

Harufu ilikuwa ya tunda lililochacha, inachoma puani. Na kulikuwa na sauti. Bwaku... bwaku... bwaku. Kitu kilikuwa kinachemka chini ya sakafu.

Nikajipa moyo. Edina, ni maji tu hayo.

Chini kulikuwa na matangi yaliyochimbwa ndani ya sakafu yenyewe, midomo yake imefunikwa kwa mbao. Nikapiga picha ya kwanza. Nikapiga ya pili. Nilipoinama kupiga ya tatu, kichwa kikaanza kugonga, moyo ukaenda mbio, na pumzi ikawa haitoshi. Navuta, haitoshi. Navuta tena, haitoshi.

Nikawakumbuka wale wawili wasio na mkwaruzo.

Jamani, niliogopa. Sitaki kujifanya shujaa. Nikaanza kusali Baba Yetu, nikakwama kwenye mkate wa kila siku.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma kimegongwa, mara tatu, kutoka ule upande wa giza.

Ndipo nikaiona taa. Imejitokeza nyuma ya pipa, ndogo, ya moshi, inaelea kule chini inakuja upande wangu. Nikasema kwa sauti ya kitoto, "Nani?"

Taa ikazidi kusogea.

Ngo. Ngo. Ngo.

Simu ikaniponyoka. Sikuiokota. Nikatoka nduki, nikapanda zile ngazi kwa mikono na miguu, nikafika juu, nikausukuma mlango ukajibamiza. Nikaishika ile nondo, nikaipachika kwenye vyuma vyake mpaka ikakaa sawasawa. Kitu chochote kilichokuwa mle ndani kisingenifuata.

Nikakimbia mpaka kibandani.

"Mbukwenyi, dada," yule mama akanisalimia kwa Kigogo, kisha akanitazama vizuri. "Mbona hivyo? Umefukuzwa na mbwa?"

Gideoni alikuwa kwenye benchi na kikombe chake. Akacheka. "Si nilikwambia?"

Nikapewa maji, nikanywa, nikapewa chai. Nikatulia. Na mnajua binadamu tulivyo, hofu ikishapita kidogo tu, mdomo unarudi. Nikaanza kuhadithia. Nikaongeza na chumvi. Nikasema taa ilikuwa na macho.

Yule mama, jina lake Tabu, alikuwa anakaanga maandazi. Akaacha.

"Taa ilikuwa usawa gani?"

Nikamwonyesha kwenye muundi wa mguu wangu.

"Na kuna kugonga?"

"Mara tatu. Halafu tena mara tatu."

Akaweka mwiko chini taratibu. "Huyo ni baba yangu."

Nikadhani ananitania.

"Wakulima wa Hombolo wamekodi pale msimu huu," akasema. "Zabibu zinakamuliwa, mchuzi wake, yaani juisi, unawekwa kwenye yale matangi ya chini. Ukianza kuchacha unachemka wenyewe, unatoa gesi. Nzito, inalala sakafuni, huioni. Baba anatangulia na kibatari amekining'iniza kwa waya, kiende karibu na miguu. Kikizimika, anarudi. Na mle ndani haongei, kuongea kunamaliza pumzi. Akitaka mtu atoke, anagonga bomba mara tatu."

Alikuwa ananiambia nitoke. Mzee wa watu alikuwa ananiambia nitoke.

"Umetokea mlango gani?" Tabu akauliza.

"Wa chuma. Wa ngazi."

"Umeuacha wazi?"

Nikakiweka kikombe chini. Gideoni naye akaacha kucheka.

"Dada, mlango umeuacha wazi?"

"Nimeweka nondo."

Gideoni akasimama. "Lakini baba yako, Mzee Bartolomayo, si anaingilia mlango wa nyuma? Atatokea huko huko."

"Wa nyuma uko mbali," Tabu akasema, tayari anafungua aproni. "Na hatoki kama anajua kuna mtu ndani. Simu yako iko wapi?"

Nikajipapasa mfukoni kama vile ningeikuta. "Imeangukia kule. Tochi inawaka."

"Inawaka?"

"Ndiyo."

"Basi ataifuata."

Alikimbia peku. Mafuta ya maandazi yakabaki jikoni yanaungua.

Nimeogopa mara nyingi maishani, hata dakika ishirini kabla ya hapo nilikuwa nimeogopa. Lakini hofu ya kukimbia kuelekea kule sina cha kuifananisha nacho. Hofu ya jini unaikimbia. Hii nilikuwa nayo kifuani, naenda nayo, na kila hatua ilikuwa inaniambia, umeua mtu. Umeua mtu halafu umekaa unakunywa chai.

Tulipofika kwenye mlango nikataka kuitoa ile nondo mimi. Mikono ikakataa. Ilikuwa inateleza kwa jasho. Gideoni akanisukuma pembeni, akaichomoa, ikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Msiingie!" Tabu akapiga kelele. "Vuta pumzi hapa hapa, zuia, ndipo ufungue. Asishuke mtu!"

Gideoni akavuta mlango.

Mzee akaanguka miguuni kwangu.

Alikuwa ameegemea mlango kutoka upande wa ndani, juu kabisa ya ngazi. Mzee mwembamba, shati jeusi, midomo imebadilika rangi. Waya wa kibatari ulikuwa bado umezungushwa mkononi, kibatari kimezimika. Na kwenye mfuko wa shati kulikuwa na mwanga unapenya kwenye kitambaa.

Simu yangu.

Tukamburuta mpaka nje, juani. Tabu akampepea kwa kitenge, anaita, "Baba! Baba!" Gideoni akamfungua vifungo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nimeshika mguu wake, sijui kwa nini mguu, ndio uliokuwa karibu. Ulikuwa wa baridi. Nikasema kimoyomoyo, Mungu, treni iondoke, kazi ichukuliwe, nifungwe, ila huyu apumue.

Sijui tulikaa muda gani hivyo. Kisha akakohoa.

Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kukwaruza, nikalia kwa sauti.

Akafungua macho. Akamtazama Tabu, akamtazama Gideoni, akashika kifua chake pale penye simu.

"Kuna mtoto wa watu mle chini," akasema. Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Simu nimeipata. Mwenyewe sijamwona. Nimezunguka matangi mara mbili. Leteni kamba, aingie mwenye pumzi."

Tukatazamana.

"Mzee," nikasema, "shikamoo. Ni mimi. Nilitoka."

Akanigeuzia macho. "Umetoka?"

"Ndiyo."

"Mzima?"

"Mzima, Mzee."

"Ashukuriwe Mungu." Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Halafu akayafumbua tena. "Sasa ule mlango, nani aliufunga? Nimesukuma mpaka nguvu zimeniishia."

Nikafungua mdomo nimjibu. Tabu akanitazama. Aliniangalia kwa muda, na sikuona hasira machoni mwake, niliona mtu anayepima jambo.

"Upepo, baba," akasema.

Mzee akageuza shingo taratibu. Kupitia geti tuliweza kuona ukumbini, na ile nondo ilikuwa imelala pale pale Gideoni alipoiangusha, nene kama mchi. Akaitazama.

"Upepo," akasema, akafumba macho.

Alilazwa siku mbili, akawekewa oksijeni. Treni ya jioni iliniacha, sikuikumbuka hata. Nililala kwa Tabu, akanitandikia kitanda chake yeye akalala na watoto. Ndipo usiku ule, tunaosha vyombo, akaniambia habari ya wale wawili wasio na mkwaruzo.

Wa kwanza alikuwa kibarua, alishuka kuokota kijiko chake. Wa pili alimfuata kumtoa.

"Yule wa pili alikuwa mdogo wangu," Tabu akasema. "Baba alikuwa amesimama mlangoni. Watu walimshika asiingie. Tangu siku hiyo hakuna anayeshuka kabla yake, na hatoki kabla ya mtu wa mwisho."

Nikamwuliza kwa nini alinifichia.

"Wewe ungemwambia, angekusamehe papo hapo, ndivyo alivyo. Wewe ndiye usingeweza kuubeba huo msamaha." Akanipa sahani niifute. "Utamwambia ukiwa na nguvu."

Sasa imepita miezi mitano. Mzee anaendelea vizuri, na msimu wa pili wa zabibu ameshaanza nao. Hunipigia Jumapili akitoka kanisani. Ananiuliza shule, ananiuliza mama, anacheka kuhusu ile taa yenye macho, maana Gideoni alimsimulia hicho kipande. Kila mara nasema leo namwambia. Kila mara tunaagana sijamwambia.

Kwa wanaopenda kutembea peke yao kama mimi: tembeeni, sikatazi. Msalimieni kwanza mtu mliyemkuta mlangoni, na mumwambie mnaingia wapi. Na siku ukiogopa, kimbia, kukimbia hakuna aibu. Ila usifunge mlango nyuma yako kabla hujajua umemfungia nani.

Hii nimeiandika hapa kwa sababu Tabu ana simu ya mtandao, na humsomea baba yake hadithi za mtandaoni wakishamaliza chai ya jioni. Nimeshamwambia ya leo asiiruke.

Mzee Bartolomayo, shikamoo. Haukuwa upepo. Ile nondo niliiweka mimi.