Maji ya Bati, Maji ya Kisima

Mvua ilipopiga bati la nyumba yetu pale Endasak, hatukusikiana hata kwa kelele. Baba alikuwa amefunga mifereji, na tangi lilijaa maji matamu yasiyo na chumvichumvi. Maji hayo ndiyo yaliyonipatia sifa nikiwa kidato cha tatu, na sifa yenyewe hainikai vizuri mpaka leo.

Maji ya maabara yalikuwa yameisha, kwa hiyo Mwalimu Safari wa kemia aliagiza kila mtu aje na chupa ya maji safi. Tulichanganya dawa mbili kwenye neli za kioo, moja ikiwa na chuma, rangi ikawa nyekundu kama damu ya ng'ombe. Akatueleza kwamba humo ndani dawa zinaungana na kuachana wakati huohuo, mpaka kwenda na kurudi kulingane. Huo ndio msawazo. Tulilinganisha wekundu kwa macho ili tupate namba ya msawazo. "Msizikumbatie hizo neli! Joto la mikono linasukuma msawazo!" alifoka. Na baridi ile ya Hanang, nani asingekumbatia?

Udagwenga hakukumbatia. Tuliketi dawati moja. Alikuwa binti wa wafugaji wa kijiji cha Gendabi, makini kutushinda wote. Alitaka kuwa daktari wa mifugo, na zoezi lile ndilo lililoamua nani asome sayansi. Lakini rangi kwenye neli yake ilififia, ikawa manjano.

"Chupa yako chafu," mwalimu akasema.

"Niliiosha, mwalimu."

"Kuosha gani huko!"

Sayansi ikampita hivyo. Jamani, mnyonge hana haki.

Kwao paa lilikuwa la udongo, akaleta maji ya kisima. Chuoni ndipo nilipojifunza kwamba visima vyetu vina madini mengi ya floridi, nayo hukishika chuma na kuurudisha msawazo nyuma. Kwenye ripoti ya zoezi, sehemu ya vyanzo vya makosa, tuliandika macho, joto na uchafu, maji hatukuyawazia. Mimi nilisifiwa kwa bati la baba, na nikimkumbuka Udagwenga najiona mwizi.

Siku hizi kupima maji ndiyo kazi yangu. Juzijuzi nilimfuata kwao Gendabi nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwanawe mwenye meno ya kahawia akituchungulia mlangoni.

"Kumbe ndiyo yanayowaharibu meno watoto," akasema taratibu. "Na tunayanywa mpaka leo. Wewe ulijua tangu lini?"

Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya rangi.