Kibati cha Ndege ya Bibi

Mwenzangu, juzi tumeuza ndege. Usicheke! Ndege ya kweli, ndogo, kuukuu, iliyolala shambani kwetu Ole tangu mie mtoto. Rubani wake ilimharibikia, akamwachia bibi yangu amana, asirudi tena. Bawa tukilianikia karafuu. Harufu yake juu ya bati la moto mpaka leo i puani. Lakini ole wako uguse kitu, bibi akikuona: "Weee! Hino mali ya mtu! Utakwenda jibu nini mbele ya Mola?"

Ndani mlikuwa na kibati cha shaba chenye maandishi. Mie sikusoma, nilijua chang'ara tu. Nikakibandua kwa kisu cha kumenyea muhogo, nikampa muuza halua aliyekuwa akikusanya shaba. Halua yenyewe ikaisha sijafika nyumbani.

Bibi akamdhania jirani, fundi seremala, kwani bisibisi mtaa mzima alikuwa nayo yeye. Akasomesha halbadiri, dua ya kumlaani mwizi, avimbe tumbo. Jirani akaja mwenyewe, kakaa jamvini, akaitikia "Amin!" kuliko wote. Nami nikaitikia, kijisauti cha mbu, mkono tumboni.

Tumbo halikuvimba. Lakini Ramadhani ile bibi hakumpelekea jirani futari, wala zilizofuata. Yeye akileta yake, muhogo wa nazi umefunikwa kawa. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, wajua. La kwake mie ndiye nikilirudisha tupu. "Ahsante mwanangu. Msalimie bibi." Jirani akafa hivyo hivyo.

Juzi mnunuzi, mtu wa bara, kaingiza kichwa ndani ya ndege: "Mama, kibati cha namba kiko wapi? Nataka kuitengeneza iruke. Bila hicho itakuwa pambo la hoteli tu."

Mwanangu akamjibu mbio: "Alikiiba jirani, zamani, fundi seremala."

Lo! Mtu kaoza kaburini, wizi wangu bado kaubeba yeye. Nikasema, "Si yeye. Ni mie."

Wakaangua kicheko. "Usimsikilize mama," mwanangu anamwambia mgeni, "kila mtu yeye humwiga. Leo kamwiga mwizi!"

Nami, Mungu nisamehe, nikacheka nao.

Lori limeipeleka bandarini Mkoani. Pale ilipolala hapana hata jani. Karafuu siku hizi wanaanika barabarani, na futari hakuna anayempelekea mwenziwe. Watu wa mtaa ule wote sauti zao ninazo, nikitaka nakutolea sasa hivi. Ila ile ya "msalimie bibi", nikianza kuiiga, huishia kwenye "ahsante mwanangu".