Mbabe wa Vita Aliyekataa Kutuma Msaada

Mwanangu, ipo siku moja ya Jeddah ambayo mpaka leo hainitoki. Nilikuwa kijana kutoka Machakos, nimefanywa msimamizi wa walinzi wa maghala karibu na bandari, na cheo kilikuwa bado kipya kichwani.

Mutua, mlinzi wa geti la mwisho, akaniita kwa redio. "Bosi, njoo. Kuna mwenye mzigo hapa anataka kutoa lori bila karatasi. Anasema nisipofungua ataongea na kafili, mdhamini wetu, nirudishwe Kenya."

"Malizana naye," nikamjibu. "Nikikimbilia kwako leo, kesho kila geti litaniita."

Mzee Faki, karani wetu Mzanzibari, aliyependa historia ya China kama wengine wanavyopenda mpira, akaweka chini kikombe chake. "Lo! Kumbe na wewe mbabe wa vita? Basi kaa nikupe habari za mwenzako."

Akanieleza. Zamani sana, dola ya China ilipodhoofika, kila jimbo lilishikwa na mwenye jeshi. Mmoja wao alikuwa ameumaliza ujana wake juu ya farasi, akipigana mipakani, na askari walimfuata popote kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia. Alipopata jimbo lake akajenga ngome ndefu, akaijaza nafaka, akajifungia nyuma ya mlango wa chuma. Makamanda wake wa mbali wakizingirwa na kuomba msaada, alikataa. Alisema akimwokoa mmoja, wengine hawatapigana kwa bidii, watakaa kumsubiri.

"Hapo si alikuwa na akili?" nikauliza.

"Akili nyingi, baba! Adui alipokuja kwa nguvu, wale wa mbali walishajua hakuna atakayewafikia. Wengine wakasalimu amri, wengine wakatoroka. Adui akafika mpaka kwake, akachimba chini ya ngome, ikaporomoka. Bwana mkubwa akafia humo humo na nafaka yake. Sasa Mutua akifungua lile geti, nani atalala jela?"

Nilinyanyuka, nikaenda getini.

Nilimkuta Mutua ameshika ufunguo, na yule mwenye mzigo anapiga kelele, "Yalla, fungua!" Nikasimama begani kwa Mutua. Nikasema, "Mafi karatasi, mafi kufungua," yaani hakuna karatasi, hakuna kufungua. "Ukimshtaki, tushtaki wawili." Alitukana, kisha akageuza lori. Mutua akaketi chini, akacheka kama mtu anayelia.

Na kinyume na hofu yangu, mageti mengine hayakuniita zaidi. Walinzi walisimama imara kwa kuwa walijua wakizidiwa nitafika.

Kwa hiyo mwanangu, siku utakayopewa watu wa kuwaongoza, wawe wawili au mia, usiwapime kwa kuwaacha peke yao. Anayekuita bado anakuamini. Mhofie zaidi yule aliyeacha kuita. Mungu akupe masikio ya kusikia na miguu myepesi ya kwenda, na wewe ukizidiwa asikukoseshe mtu wa kusimama begani kwako. Amina.