Viti Sita vya Kwenda Mbugani

Ofisi ya kwanza ya safari aliyoingia Gladwell pale Makutano, Meru mjini, ilikuwa na picha kubwa ya simba ukutani, na chini ya simba alikaa mwanamume wa shati jeupe aliyejitambulisha kama Kiogora. Gladwell hakuuliza habari ya simba. Aliuliza jambo moja tu.

"Huko mbugani, nani anapika?"

Kiogora alimwangalia mikono. Mikono ya Gladwell ilikuwa na makovu ya mvuke na mafuta mpaka kwenye viwiko, na mtu mwenye macho aliijua ni mikono ya kazi gani.

"Mama, wapishi tunao wa kutosha," akasema. "Lakini acha namba yako, kukitokea nafasi tutakupigia."

"Sitaki kazi. Nataka kusafiri."

Kiogora akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Gladwell, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumjibu. Akachukua mwavuli wake akatoka.

Alikuwa amepika miaka ishirini na sita katika shule ya bweni ya wasichana juu ya Githongo, kwenye mashamba ya kahawa. Sufuria zake zilikuwa za kubebwa na watu wawili, na mwiko wake ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Kila mwaka walimu walipokwenda matembezi, yeye ndiye aliyekaanga chapati, akachemsha mayai, akafunga kila kitu kwenye makatoni, kisha akasimama langoni kuwapungia mkono. Walirudi na kofia mpya za ukili na hadithi za tembo, wakamwachia vyombo vichafu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, "Na wewe utakaa kiti gani?"

Alipostaafu mwezi wa nane walimpa blanketi na saa ya ukutani. Safari akaamua kujipa mwenyewe.

Akina mama wa kanisa lake walikuwa wamepanga ya kwao, basi zima la watu sitini, siku moja kwenda na kurudi. Alihudhuria kikao chao. Mwenyekiti wao, Eunice, alisoma majina ya kamati, na alipofika mwisho akainua kichwa na kumtabasamia Gladwell. "Na Mama Purity atatusaidia upande wa jikoni, kama kawaida yake." Wenzake wakapiga makofi. Gladwell aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Watu sitini kwake hawakuwa safari. Walikuwa sufuria.

Ndipo akafika kwa Luul. Ofisi yake ilikuwa imebanwa kati ya duka la magodoro na duka la mabati, na Luul mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mtandio wa kijani. Babu yake, Msomali, alikuja mji wa Maua zamani kufanya biashara ya ng'ombe, na Luul alizungumza Kimeru safi kuliko wajukuu wa Gladwell.

"Nani anapika?" Gladwell akauliza, tayari ameshika mwavuli.

"Dereva wangu Abdihakim. Anapika, anaendesha, anaosha vyombo. Wewe mama utakaa tu. Ukishika hata kijiko cha kukorogea nitakasirika."

Gladwell akaweka mwavuli chini.

Luul alieleza. Gari lilikuwa moja, la paa la kufunguka, na wasafiri sita tu, kila mmoja na dirisha lake. Siku mbili mbuga ya Meru, siku ya tatu kuteremka mpaka Mbeere kuona mabwawa ya mto Tana, kisha kumalizia Embu mjini, ambako Purity, binti wa Gladwell, alikuwa muuguzi. Kila siku watu hubadilishana viti ili asiwepo wa mbele na wa nyuma. Na kulikuwa na sharti moja lililompendeza Gladwell kuliko yote: aliyelipa kwanza huulizwa juu ya wanaokuja baadaye.

"Basi likiwa la watu sitini, mmoja akiwa mbaya unahama kiti," Luul alisema. "Sita hakuna pa kuhamia. Kwa hiyo mimi huuliza."

Siku tisa baada ya kulipa, Gladwell alikuwa shambani akichuma kahawa simu ilipolia. Luul alikuwa ameshapata watu watatu wa ukoo mmoja kutoka Embu: bwana anayeitwa Njiru, mkewe na dada yake, wapenda ndege. Vilibaki viti viwili.

"Kuna bwana na mkewe, nao wako Embu. Anasema alifundisha huko kwenu. Mwalimu Nthiga."

Gladwell aliachia tawi la mbuni, likaruka.

Nthiga alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Mwaka mmoja sukari ilikuwa ikipotea stoo, na Nthiga akaamuru kwamba mpishi, na mpishi peke yake, afungue mkoba wake langoni kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Mihula miwili. Wasichana wakitoka uwanjani walisimama kutazama. Nthiga hakugusa vitu vyake kwa mkono, alivisukuma kwa ncha ya kalamu: leso, nusu ya parachichi, vidonge vya presha. Mwishowe ikajulikana kwamba mwizi alikuwa mlinzi wa lango, yuleyule aliyekuwa akisimama kando ya Nthiga wakati wa upekuzi. Mlinzi akafukuzwa. Nthiga akapandishwa cheo, akahamia shule ya Embu. Gladwell hakuambiwa neno.

"Mama? Bado uko?"

"Waje," Gladwell akasema.

"Una hakika? Sauti yako imebadilika."

"Waje, Luul. Huyo nataka kusafiri naye."

Akarudi kuchuma, na kwa muda mrefu alijikuta akitabasamu peke yake katikati ya mibuni, tabasamu ambalo asingependa Purity alione.

Asubuhi ya safari alifika Makutano wa kwanza na kukaa kiti cha mbele, kando ya dereva. Abdihakim, mtu mzima mwenye ndevu za hina na maneno machache, alimfungia mkanda. Watu wa Embu, waliokuwa wamelala Meru mjini, wakaja mmoja mmoja. Nthiga alitokea akiwa na suruali yenye mifuko magotini, mkewe Lydiah nyuma yake.

"Aa, Gladwell! Kumbe uko?" alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Umekuja kutupikia?"

Lydiah alicheka kidogo.

"Nimekuja kukaa, Mwalimu."

Alisema hivyo bila kugeuka. Moyo ulimwenda mbio kwa raha.

Kwenye lango la mbuga askari alieleza kwa adabu kwamba chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kuingia, akaomba mikoba ifunguliwe. Wa Nthiga ulikuwa na chupa kumi na mbili za maji. Askari alizitoa moja moja na kuzipanga mezani. Nthiga akaanza kueleza yeye ni nani na amefundisha akina nani, na askari akaendelea kupanga. Gladwell alicheka kwa nguvu, kicheko cha jikoni.

"Unacheka nini?" Nthiga akauliza.

"Mkoba."

Uso wa mwalimu ulibadilika, na Gladwell akajua kwamba hajasahau.

Mchana walisimama kando ya mto, chini ya mikoma iliyofanana na minazi. Abdihakim alitandika mkeka, akatoa pilau, kachumbari, ndizi mbivu na chupa mbili za chai. Gladwell alipokea sahani yake kwa mikono miwili. Pilau ilikuwa imezidi iliki kidogo, na ilimfurahisha kwamba kosa hilo halikuwa lake. Alikuwa kwenye kijiko cha tatu alipoona kikombe kitupu mbele ya uso wake.

"Gladwell, hebu tumiminie chai," Nthiga alisema. "Wewe ndiye mwenye mambo haya."

Gladwell aliendelea kula. Kikombe kikabaki hewani. Abdihakim akanyoosha mkono kuchukua chupa.

"Abdihakim, mwache," Gladwell akasema. "Ana mikono."

Dada yake Njiru akateremsha darubini.

"Tangu ustaafu umekuwa na kiburi," Nthiga akasema.

"Nilikuwa nacho siku zote. Hukukiona kwa sababu ulikuwa unatafuta sukari."

"Sukari gani?" Lydiah akauliza, akimwangalia mumewe.

Gladwell ndiye aliyejibu. Alisimulia mbele ya wote, sahani mapajani: lango, kalamu, nusu ya parachichi, wasichana waliosimama na mipira yao mikononi. Hakuongeza chumvi, haikuhitaji. Alipomaliza, Nthiga alikuwa amekunja vidole juu ya kikombe.

"Yale yalikuwa ya kazi," akasema.

"Kazi ya nani? Mwizi alipopatikana, kazi ya kuniambia pole ilikuwa ya nani?"

Lydiah akamgeukia Gladwell kwa macho makavu.

"Luul alitwambia kuna mtu ameulizwa juu yetu akakubali. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ungeweza kukataa."

"Ningeweza."

"Kwa hiyo ulitungoja. Nimeacha watoto wangu na kazi zangu, nimekuja kupumzika, kumbe nimeletwa kutazama mume wangu akiaibishwa." Akainuka, akapangusa sketi. "Yeye alikukosea, sawa. Mimi nilikukosea nini?"

Gladwell akaweka sahani mkekani. Katika hesabu yake yote ya siku zile shambani, Lydiah hakuwa mtu, alikuwa kiti.

Mchana ule ulikuwa mbaya. Nthiga alikuwa amehamia upande wa kushoto karibu na mbele, na Gladwell alimtazama kwenye kioo: shingo yake, jasho lake, jinsi alivyokuwa akikaza taya. Alipanga maneno mengine ya kumwambia. Alikuwa na mengi, ya miaka.

"Jamani, yule mdogo!" dada yake Njiru akanong'ona. "Yule anayenyonya!"

Gladwell akageuka haraka. Vumbi tu na kichaka.

"Mdogo wa nini?"

"Kifaru. Na mama yake. Walikuwa hapo dirishani kwako, mama, karibu ungewagusa."

Gladwell akamwomba Abdihakim arudi. Nthiga akasema haiwezekani gari zima kurudi kwa ajili ya mtu mmoja. Abdihakim alizima injini, akageuka kwenye kiti chake na kuuliza kila mtu kwa zamu, taratibu, kama anayeuliza nani anataka sukari kwenye chai. Njiru, mkewe na dada yake wakasema arudi. Lydiah akatazama nje. Wakarudi. Walingoja pale karibu nusu saa. Vifaru hawakutokea tena.

Hasira iliyomshika sasa Gladwell haikuwa na pa kwenda. Alikuwa amejinyima maisha yake yote kuja kuona vitu hivi, halafu vimepita dirishani kwake yeye akitazama shingo ya Nthiga.

Siku ya pili zamu ya kiti cha mbele ilikuwa ya Nthiga. Kwa kitambo Gladwell alifikiria kugoma. Kisha akapanda nyuma kabisa, Abdihakim akafungua paa, naye akasimama na kushika chuma kwa mikono yote miwili. Upepo ulimvua kitambaa cha kichwani akakiacha kining'inie shingoni. Waliona twiga wenye mistari safi kama madirisha, pundamilia, nyati waliokuwa wakiwatazama kwa chuki ya wazi, na karibu na saa sita tembo kumi na saba wakavuka barabara wakiwa wekundu kwa udongo, mdogo wao akishikilia mkia wa mwenzake. Aliwahesabu mara tatu. Nthiga alikuwa huko mbele akisema jambo kuhusu mwendo wa gari. Hakulisikia.

Hakuomba msamaha kwa Nthiga, na Nthiga hakuomba kwake. Kwa Lydiah alijaribu, asubuhi ya tatu, walipokuwa wamesimama juu ya bwawa wakitazama maji ya Tana yaliyotulia.

"Mama, kwako nilikosa," alisema. "Sikukufikiria."

"Najua hukunifikiria," Lydiah akajibu. Akaenda kusimama mahali pengine.

Embu walifika alasiri. Purity alikuwa akingoja mahali pa kushukia, bado na viatu vyeupe vya hospitali. Nthiga aliteremsha mikoba yake, akasita, akamkaribia Gladwell.

"Mama Purity," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ile habari ya langoni... wakati ule tulikuwa tumebanwa sana. Sukari ilikuwa inaisha, mwalimu mkuu ananiuliza mimi."

Gladwell alingoja. Alimpa muda wa kutosha kusema neno lililobaki, na aliona jinsi lilivyofika kooni likashindwa.

"Basi nenda salama, Mwalimu," akasema.

Hawakupeana mikono.

"Ni nani yule?" Purity akauliza.

"Mtu tuliyepanda naye gari."

Wiki iliyofuata aliporudi Githongo, habari zilikuwa zimetangulia. Sokoni ilisemwa kwamba yule mpishi wa shule amemtukana mwalimu mbele ya watu, kwamba pesa za kustaafu zimempanda kichwani. Eunice alimsalimia kwa kidevu. Gladwell hakukanusha lolote. Mwanamke wa kuuza nyanya alipomuuliza, nusu kwa uchokozi, huko alikoenda aliona nini, Gladwell aliweka kikapu chini na kuanza na tembo wa kwanza, aliyekuwa na pembe moja fupi, na alipofika kwa wa tisa yule mwanamke alikuwa ameacha kupanga nyanya.