Benchi la Siri

Karani wa zahanati yetu alikuwa na kazi mbili. Siku za kawaida alikaa dirishani na kadi za wagonjwa, siku ya mnada alisimama katikati ya zizi akinadi ng'ombe. Sio yeye peke yake. Miaka ile, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na mizani zao, kila mtumishi wa serikali alikuwa na kabiashara kake, huyu cherehani, yule mitumba. Simlaumu kwa kunadi. Namlaumu kwa sababu hakuwa na sauti nyingine ya kuja nayo zahanati.

"Mwenye kadi ya uzazi wa majira," alisema siku niliyokwenda mara ya kwanza, na hata wapima pamba ng'ambo ya barabara waligeuka. "Watoto wawili, ananyonyesha, anataka sindano. Yuko wapi? Asogee."

Nikasogea. Alichobakiza ni kutaja meno yangu na bei.

Nilichomwa sindano ile nikiwa na hasira kiasi kwamba sikusikia maumivu yake. Nilipomaliza nikamwendea muuguzi mkuu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, nikamwambia: "Sista, mliniuliza siku zangu, mkaniuliza nimezaa mara ngapi na mimba gani iliharibika. Nikajibu yote. Nilidhani najibu serikali. Kumbe najibu gulio."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka. Akasema nina haki, na nikirudi kwa sindano nyingine nitakuta pamebadilika.

Na mume wangu tulishakubaliana. Mtoto wa kwanza alikuwa bado analilia mgongo wangu wakati wa pili anazaliwa, na mume mwenyewe ndiye aliyesema tupumzike. Ila hakuwa na ubavu wa kumwambia mama yake. Mama mkwe alikuwa ameshatangaza kwa majirani kwamba safari ijayo naleta mapacha, na huwa akitangaza kitu anakisubiri. Angejua, kikao cha ukoo kingekaa jioni hiyo hiyo, wazee wangekunywa togwa yangu huku wanaamua juu ya tumbo langu, na sindano ingekuwa basi. Kwa hiyo nikienda zahanati nilisema naenda kumpima mtoto uzito. Sio uongo. Mtoto alipimwa.

Siku ya sindano ya pili, nimeshambeba mtoto, mama mkwe akatoka amejifunga kitenge kipya.

"Nami naenda," akasema.

"Unaumwa nini, mayu?"

"Kiuno." Akapanda mkokoteni. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa anapeleka pamba kwenye mizani, tukakaa juu ya magunia. Njia nzima mama mkwe aliimba nyimbo za palizi, mimi natafuta uongo wa pili na siupati.

Tulipofika akakutana na dada wa binamu yake pale kwenye mizani, wakaanza kusalimiana, na salamu za wazee wa kwetu zina ng'ombe, mvua na wagonjwa wote ndani yake. Nikashukuru. Nikakimbilia zahanati nimalize kabla salamu hazijaisha.

Kweli pamebadilika. Upande wa kushoto, palepale pa siku zote, benchi la wagonjwa. Upande wa kulia, peke yake chini ya mwarobaini, benchi jipya. Ukutani juu yake pameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka kutoka barabarani: SIRI.

Karani akaniona. Safari hii hakupaza sauti, maana alikuwa ameonywa. Alinyanyua rula, akaninyooshea, kisha akaisogeza taratibu mpaka ikaelekea kwenye lile benchi. Foleni nzima ya kushoto ikaifuata rula kwa macho.

"Pale," akanong'ona, na kunong'ona kwake kulifika kwenye mizani.

Nilisimama katikati ya ua na mtoto mgongoni. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Nimesoma faida za uzazi wa mpango, nimechora mchoro wake, nikapata alama zote. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba siku nitakayoutaka nitakalishwa chini ya bango.

"Karani," nikasema, "anayekaa pale, watu watamjua ana nini?"

"Hawatajua. Ndiyo maana pameandikwa siri."

Wanawake wa benchi la kushoto wakaanza kucheka chinichini. Nikawageukia.

"Mnacheka, eeh? Leo mimi, kesho nyie. Kuna mmoja wenu hapa asiyekuwa na siri anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mama mmoja, aliyekuja na mkono ulioungua kwa uji, akanyanyuka akiwa ameushika mkono wake mbele kama sahani.

"Mimi siri yangu inaonekana," akasema, "lakini kule kuna kivuli." Akaenda akakaa chini ya SIRI.

Akafuata bibi mwenye kikohozi. "Sogea, mwenye siri mwenzangu." Akafuata mjamzito ambaye tumbo lake lilikuwa limeshatangulia kufika. "Yangu nayo msimwambie mtu," akasema, na hapo hata bibi akakohoa kwa kicheko. Mpaka mtu wa mwisho, benchi la kushoto likabaki na mavumbi yake. Waliokosa nafasi wakakaa chini kwenye khanga. Nami nikajibana katikati yao, roho imetulia kidogo.

Karani akatoa kichwa dirishani. "Wenye siri ni wangapi leo?"

"Wote," akajibu mama wa mkono. "Wewe huna? Tukutajie?"

"Sasa nitawaitaje?"

"Usituite. Kisimani nani anatuita majina? Kila mtu anamjua aliye mbele yake. Wewe zipange kadi, umpelekee sista, ufunge na hilo dirisha, vumbi linaingia."

Muuguzi mkuu alikuwa ameshatoka mlangoni na kusikia. Akazichukua kadi zote mkononi mwa karani, akaingia nazo chumbani kwake. Tangu siku ile hazikurudi dirishani, zinakaa kabatini kwake na ufunguo anao yeye, kwenye kamba shingoni.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia uani.

Akasimama. Akatazama benchi tupu, akatazama sisi tulivyobanana. Akanitazama mimi. Kusoma alikuwa anajua, alisoma elimu ya watu wazima, na hajawahi kuacha neno ukutani bila kulisoma kwa sauti.

"Si-ri," akasoma. "Hii ni foleni ya nini?"

Kicheko kikakatika. Wengine hawakumjua ni nani kwangu, lakini waliona nilivyoinama.

"Ya kila kitu, mayu," akajibu mama wa mkono. "Karibu."

"Na huyu mke wa mwanangu anafanya nini kwenye siri?"

"Anachofanya mwenzake. Hapa hatuulizani."

Nilikuwa nimeshakisikia kikao cha wazee kinakaa, nimeshaisikia togwa inamiminwa. Kisha mama mkwe akaja, akageuka, akanisukuma kwa kiuno kile kile alichosema kinauma.

"Sogea," akasema. "Nani wa mwisho?"

"Mimi," nikasema.

"Basi mimi niko mbele yako. Mimi ni mkubwa."

Zamu yake ilipofika, sista akamfungia mlango. Kiuno cha kuuma hakichukui muda ule. Alikaa ndani mpaka mtoto wangu akalala, akaamka, akalia. Mara nikasikia kicheko cha sista, na mara nikasikia cha mama mkwe, kidogo, cha msichana, ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Alipotoka, alikuwa anafunga kitu kwenye pindo la kitenge. Hakunitazama. Nami nikatazama kidole cha mguu wangu mpaka alipopita.

Nikaingia, nikachomwa sindano, nikampima mtoto uzito. Alikuwa ameongezeka.

Shemeji alikuwa ameshauza pamba, mkokoteni mwepesi, ng'ombe nao wameijua njia ya kurudi. Mama mkwe akambeba mtoto, akaanza tena nyimbo zake za palizi. Njia ya kwetu Zagayu ilikuwa na pamba pembeni, manyoya meupe yaliyodondoka kwenye malori ya wanunuzi, yamenasa kwenye miiba mpaka mbali. Nikaimba naye. Siku nyingi sikuwa nimeimba.

Shemeji akageuka. "Mmepewa dawa gani, mbona mmechangamka hivyo? Mama, umetibiwa nini? Na shemeji je?"

Mama mkwe akamweka mtoto vizuri begani, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu zahanati.

"Tulikwenda kumpima mtoto uzito," akasema. "Swaga ng'ombe twende."