Ndoo Nne Nzima

Kanyiva Musyimi ni fundi wa cherehani mjini Kibwezi, na katika miaka yake arobaini na tisa hakuwa amepanda hata punje moja ya mahindi. Kwao hilo ni aibu. Alizaliwa Tulia, upande wa Kitui, katika boma la watu wa jembe, lakini yeye alipangiwa maji. Wenzake walilima, naye akienda na punda hadi kwenye mto wa mchanga, akichimba kwa bakuli na kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Siku moja, akiwa na miaka tisa, mtungi ulimponyoka mlangoni ukamwagika wote. Mama yake, Nduku, hakumchapa. Alimrudisha mtoni na punda yuleyule, jua likiwa la utosi. Tangu siku hiyo Kanyiva hakumwaga maji tena. Hata ya kuoshea vyombo aliyatumia mara tatu kabla ya kuyaaga.

Sasa mama huyo alikuwa amelala katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga ya Kanyiva, ghorofa ya tatu. Saratani ya koo. Daktari alisema arudishwe nyumbani apewe anachopenda, na kila mtu mzima anajua maneno hayo yana maana gani. Nduku alipenda kitu kimoja tu, majani ya kunde, tena si ya sokoni, ambayo alisema yana ladha ya gunia. Alitaka ya mbegu yake mwenyewe, aliyopewa na mama mkwe wake akiwa bibi harusi, na ambayo alikuja nayo kutoka Tulia ndani ya kibuyu kidogo, imechanganywa na majivu isiliwe na wadudu.

"Nikionja hizo tu, nimetosheka," alimwambia bintiye. "Lakini nani atapanda? Wewe jembe uliliona tu likiegemea mlango."

Ulikuwa utani, lakini ulimchoma Kanyiva. Akaamua atapanda kwa siri pale kwenye roshani, kisha siku moja amletee mama sahani ya kunde bila kusema neno. Jirani yake Ummi, anayepika mandazi ya kuuza, alimpa ndoo nne tupu za mafuta ya kupikia.

"Si umuulize mama?" Ummi akamwambia. "Kuuliza si ujinga, dada."

"Nataka nimshtukize. Nataka aone hata mimi naweza."

Mficha uchi hazai. Mkulima aliyeshika jembe miaka sitini alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale, na mwanafunzi akaenda kutafuta mwalimu kwenye simu. Mtu wa kwenye simu alisema ndoo itobolewe chini. Kanyiva akapasha msumari moto, akaigeuza ndoo, akaitazama. Ilikuwa nzima, ina mkono na mfuniko, ndoo ambayo huko Tulia ingegombaniwa. Aitoboe, ili maji yaliyopandishwa ngazi kwa bega yapite tu yapotee? Akaona hao wa kwenye simu lazima wanaishi kando ya mto. Akaweka msumari chini.

Kosa la pili lilikuwa la mapenzi. Nduku hakuwahi kupanda mbegu yote. Nusu ilibaki kibuyuni kila msimu, kwa sababu mvua ya Ukambani haina ahadi. Kanyiva alilijua hilo tangu utotoni, lakini alitaka majani mengi, tena upesi, naye akaichambua mbegu yote akaipanda, kibuyuni akaacha majivu tu.

Siku ya tano kunde zilichomoza. Alishona sare za shule huku akiimba nyimbo za kanisani, akawa anamwagilia asubuhi na jioni, na hakuna tone lililopotea. Siku ya kumi na mbili majani yakawa manjano. Akadhani ni kiu, akaongeza maji. Siku ya kumi na sita miche ilikuwa imelala yote, na alipovuta mmoja ulitoka bila mizizi, mweusi, unanuka mtaro. Alikaa kwenye sakafu ya roshani akalia, kanga mdomoni ili mama asisikie.

Kufikia hapo Nduku hakuweza kumeza hata uji. Siri haikuwa na kazi tena. Kanyiva alibeba ndoo moja hadi kitandani akaeleza yote, isipokuwa habari ya kibuyu. Mama alitia kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Ulitoboa?"

"Hapana, Mwaitu." Ndivyo alivyomwita mama yake siku zote.

"Kwa nini?"

"Ingemwaga maji."

 Nduku akaushika mkono wa bintiye kwa ule mkono wenye tope.

"Ni mimi nilikufunza hivyo, ile siku ya mtungi. Hata mimi sikula hiyo siku. Ulikuwa mdogo sana kwa ile njia."

Kanyiva alikuwa amengoja maneno hayo miaka arobaini, na yalipofika hakuyataka. Alitaka kunde.

"Si mbaya," mama akasema. "Zile zimebaki kwa kibuyu, toboa kwanza ndio upande. Mashimo matano kila ndoo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwaitu."

"Nitangoja."

Alingoja siku nne. Walimzika Tulia siku ya Jumamosi, kando ya shamba ambalo msimu huo halikuwa limepandwa kitu.

Jumatatu Kanyiva alirudi Kibwezi. Alimwaga ule udongo, akapasha msumari kwenye jiko, akatoboa ndoo zote nne, mashimo matano kila moja kama alivyoagizwa. Akarudisha udongo. Kisha akaenda kukichukua kibuyu chini ya kitanda, akakiinamisha juu ya kiganja ingawa alijua. Yalitoka majivu.

Akachukua mtungi, akazimwagilia ndoo zile zisizo na kitu. Maji yakapita vizuri, yakatoka chini, yakaenea sakafuni hadi miguuni pake. Hakuleta chombo cha kuyakinga.