Uchungu Uliokatika

Harufu ya samadi inayofuka moshi zizini hunirudisha kijijini kwetu Nyakakika, asubuhi moja ya masika, miaka ya tisini ilipokuwa inaanza. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, nikapewa fimbo nimchape ng'ombe aliyekuwa anazaa. Tulimwita Mgeni, kwa kuwa alikuwa wa kisasa, mwenye maziwa mengi na vipembe vya kuchekesha mbele ya pembe ndefu za ng'ombe wetu wa asili. Ulikuwa uzao wake wa tatu. Chupa ya uzazi ilipasuka alfajiri, kisha mambo yakasimama. Alilala shingo imegeukia ubavuni, masikio baridi, na tumbo lililozoea kunguruma likawa kimya. Bibi mzaa baba, aliyekulia machungani lakini hakuwahi kufuga wa namna hii, alisema ni uvivu tu. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," aliniambia. "Chapa, asukume." Nikachapa, na kusema kweli nilichapa kwa moyo wote.

Mama alisimama mlangoni pa zizi, akitazama. Mwaka uliotangulia uchungu wake ulianza vizuri, ukakatika katikati, na mdogo wangu wa kike akatoka hana uhai. Methali hiyohiyo ilitumika siku ile, ikaendelea kutumika jikoni, mgombani, hata mbele ya wageni: mke mvivu, asiyejua kusukuma. Baba alikuwa akitazama chini kila iliposemwa, nasi watoto tuliamini, maana Bibi alikuwa hakosei.

Adhuhuri ya siku hiyo ya Mgeni, Baba alirudi kutoka mjini Kayanga na bwana mifugo. Mtu yule alinitoa fimbo mkononi bila kunigombeza, akagusa masikio ya Mgeni, akatundika chupa ya kalsiamu na kuiachia iingie mshipani polepole, huku akisikiliza moyo. Alieleza kwamba misuli ya tumbo la uzazi si kama ya mguu. Hujikaza yenyewe, na bila kalsiamu haijikazi. Kalsiamu ya Mgeni ilikuwa imekwenda yote kwenye maziwa. Chupa haijaisha, Mgeni akacheua, ubavu ukatetemeka, akaanza kusukuma. Ndama alitoka amekwisha kufa.

Ndipo Mama akauliza, taratibu, "Na mwanamke je, bwana mifugo?"

Alinawa mikono kwanza. "Sababu yaweza kuwa nyingine, mama. Lakini misuli ile haiamrishwi, hata kwa mwanamke."

Bibi alisema anakwenda kutazama maharage jikoni. Methali ile hatukuisikia tena nyumbani kwetu, lakini hakuna kilichosemwa mahali pake.

Siku hizi chupa hiyo inauzwa madukani Kayanga, na bodaboda huifikisha zizini kabla ng'ombe hajapoa masikio. Nimeshaona wengi wakiinuka, nami hufurahi. Bibi alifariki bila kumwomba Mama radhi. Baba naye amezeeka na ukimya wake. Nilizoea kuwahukumu wote wawili, hadi nilipoketi kuandika haya nikagundua kwamba, kwa miaka yote hii, hata mimi sijawahi kumwambia Mama pole.